Theluji Haimngoji Mtu

Fungueni ukurasa huu, mfuate maneno kwa macho.

Mmesikia habari za theluji iliyoko kileleni mwa Kilimanjaro. Hiyo hukaa juu, mbali na barabara zetu. Lakini katika nchi za baridi theluji huanguka mjini, juu ya nyumba na barabara. Leo twende Chicago, mji mkubwa wa Marekani, tuone jinsi watu wanavyojiandaa.

Alfajiri ya tarehe 26 Januari 1967, theluji ilianza kuanguka Chicago. Ilipokoma siku ya pili, kimo chake kilikuwa yapata sentimita 58. Maelfu ya magari yalikwama. Wenyewe wakayaacha njiani, wakaenda kwa miguu. Basi, magari ya kusukuma theluji yatapita wapi, na barabara imejaa motakaa zisizo na madereva?

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuacha njia wazi. Chicago ina sheria. Tangu tarehe 1 Desemba mpaka tarehe 1 Aprili, ni marufuku kuegesha gari katika barabara kuu zilizotajwa, tangu saa 9 usiku mpaka saa 1 asubuhi, theluji iwepo isiwepo. Anayekaidi, gari lake huvutwa, naye hulipa faini.

Jambo la pili ni chumvi. Mji huweka akiba ya chumvi kabla ya majira ya baridi. Lori la kazi hii lina bamba la chuma mbele, la kusukumia theluji kando; nyuma humwaga chumvi. Maji ya chumvi hayagandi upesi kama maji matupu, ndiyo sababu barafu huyeyuka. Lakini baridi ikizidi mno, chumvi hupungua nguvu.

Jambo la tatu ni dereva mwenyewe. Hutia dawa katika maji ya rejeta yasigande, na hufunga matairi ya baridi. Garini huweka blanketi, beleshi, tochi na chakula. Tena husikiliza habari za hewa kabla ya kutoka.

Msidhani haya ni mambo madogo. Mwezi wa Desemba 2022 tufani ya theluji iliupiga mji wa Buffalo na sehemu za jirani. Amri ya kukataza magari barabarani ilitolewa tufani ikiwa imekwisha kuanza. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengine ndani ya magari yao.

Dereva akikwama, afanyeje? Akae garini, asitangetange. Kabla ya kuwasha injini apate joto, aondoe theluji kwenye bomba la moshi. Bomba likiziba, hewa ya sumu huingia ndani. Sumu hiyo haina rangi wala harufu. Humwua mtu kama aliyelala usingizi. Tena injini iwake kama dakika 10 tu kila saa, na kioo kifunguliwe kidogo.

Mmeona basi: kazi ya theluji hufanywa kabla ya theluji.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini gari lililoachwa njiani huwadhuru watu wengi?
2. Kwa nini bomba la moshi lisafishwe kwanza?
3. Sisi hatuna theluji mitaani, lakini tuna masika. Mifereji ya mtaa wako huzibuliwa lini, kabla ya mvua au baada ya mafuriko?