Gemu Ikikwama, Anza na Vumbi
Vijana wetu wenye saiba hapa Kamukuywa, wateja wakilalamika kwamba gemu inakwama baada ya dakika 10, msikimbilie mkopo wa kompyuta mpya. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi zisiungue. Mara nyingi chanzo ni vumbi la sokoni lililoziba feni.

Zimeni kompyuta, chomoeni waya, fungueni kasha. Shikeni feni isizunguke, kisha pulizeni vumbi na kupangusa kwa brashi laini. Grisi ya prosesa ikiwa imekauka, pakeni mpya. Kasha lisibanwe ukutani.

Kisanduku cha umeme kilichomo ndani msikifungue: hubaki na umeme hata waya ukichomolewa. Jaribuni gemu tena kabla ya kutoa pesa.