Tuchangie Safari ya Pili

Hotuba ya Kamati ya Fedha katika mkutano mkuu wa mwaka, Dar es Salaam



Kila mwaka Kamati ya Fedha husimama hapa kusoma mapato na matumizi. Taarifa hiyo mnayo mkononi, kwa hiyo hatutaisoma neno kwa neno. Tumemwomba Mwenyekiti atupe nafasi tuzungumzie jambo moja ambalo ndilo tunaloliombea fedha mwaka huu. Jambo lenyewe ni saratani ya mlango wa kizazi.

Tuanze na daftari, maana ndiyo kazi yetu. Katika daftari la chama, ukurasa wa misiba hujaa upesi. Habari ya kifo ikiingia usiku, hadi alfajiri sanda imepatikana, gari limepatikana, na waliokosa nafasi ya kwenda Nyamisati kupanda boti wamekwishatuma ubani wao kwa simu. Hiyo ni sifa ya watu wetu, na Mungu aizidishe. Maiti haisubiri. Ukurasa wa wagonjwa hujaa taratibu zaidi, kwa sababu mgonjwa husubiri. Lakini saratani hii nayo haina subira ya milele, na jina lililoandikwa ukurasa wa wagonjwa linaweza kuhamia ukurasa wa misiba kabla ya mchango kutimia.

Tutazame ukubwa wake. Hapa Tanzania, hii ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi zaidi na inayowaua wengi zaidi. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yanaonyesha kwamba wanawake zaidi ya 10,000 hugundulika nayo nchini kila mwaka, na zaidi ya 6,500 hufariki. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 46,438 katika wilaya yetu yote ya Mafia, wake kwa waume, wazee na watoto wachanga. Gawanyeni wenyewe. Kwa mwendo huo, kila baada ya miaka saba na kidogo nchi hii huzika wanawake idadi ya Mafia nzima ya sensa ile.

Sasa tuseme inatoka wapi, kwa sababu watu wetu wengi bado wanaitafuta kwenye mkono wa mtu. Inaletwa na virusi vinavyoitwa HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Aliyegundua uhusiano huo, daktari wa Ujerumani Harald zur Hausen, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Virusi hivi ni vya kawaida mno: watu wengi waliowahi kujamiiana hukutana navyo wakati fulani, na mara nyingi mwili huviondoa wenyewe. Kwa wanawake wachache hubaki, na taratibu hubadilisha ngozi laini ya mlango wa kizazi. Kwa mwanamke mwenye afya, kutoka mabadiliko hayo hadi saratani huweza kupita miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye VVU asiyetibiwa huweza kuwa miaka 5 hadi 10.

Hapo pana mambo mawili ya kushika. La kwanza, ugonjwa huu si ushahidi wa uasherati. Mwanamke aliyeolewa akiwa mwali na hakumjua mwingine ila mumewe anaweza kuupata, kwa sababu virusi hubebwa na wanaume pia, na mara nyingi mwanaume haoni dalili yoyote. Kwa hiyo tusimnyooshee mtu kidole. La pili, miaka hiyo 15 ni nafasi. Ni maradhi machache sana yanayotupa muda mrefu hivyo wa kuyawahi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huu ni ufa unaoonekana, na una miaka mingi kabla ukuta haujaanguka.

Kinga ya kwanza ni chanjo. Serikali ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, wakati huo dozi mbili. Mwaka 2024 ikapanuliwa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na sasa ni dozi moja tu. Hutolewa bure. Tunajua maneno yanayosemwa kwenye mabaraza, kwamba inafunga uzazi. Rwanda ilianza kuwachanja wasichana wake mwaka 2011, miaka saba kabla yetu. Wasichana wale leo ni wanawake wazima, wapo wenye watoto. Huko Scotland, watafiti walitangaza mwaka 2024 kwamba hawajakuta hata mgonjwa mmoja wa saratani hii miongoni mwa wanawake waliokamilisha chanjo wakiwa na miaka 12 au 13. Mzazi mwenye binti wa umri huo, mwache achanjwe. Hapo chama hakina cha kulipa, kinachotakiwa ni ridhaa yako tu.

Kinga ya pili ni kupimwa, na hii inawahusu mama zao ambao chanjo haikuwakuta. Kipimo kinachotumika zaidi katika vituo vyetu hakihitaji maabara. Muuguzi aliyefundishwa hupaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, kisha hutazama. Sehemu yenye kasoro hugeuka nyeupe. Ni dawa ya aina ile ile tunayotia kwenye kachumbari. Huko Mumbai, India, wanawake wapatao 150,000 walihusishwa katika utafiti wa kipimo hiki, na wapimaji walikuwa wanawake wa kawaida waliosoma sekondari na kupewa mafunzo mafupi. Vifo vya saratani hii katika kundi lililopimwa vilikuwa pungufu kwa asilimia 31. Wanaohitaji kupimwa zaidi ni wenye umri wa miaka 30 hadi 50. Mwenye VVU aanze mapema na apimwe mara nyingi zaidi, kama atakavyoelekezwa kliniki.

Tunataka kina mama wasikie hili vizuri: ugonjwa ukiwa mchanga hauumi wala hauonyeshi kitu. Ukiona damu baada ya tendo la ndoa, damu katikati ya mwezi, damu baada ya hedhi kukoma, au uchafu wenye harufu mbaya usiokwisha, usikae nayo ukitafuta dawa za mizizi. Nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Lakini usingoje dalili ndipo upimwe.

Ndugu zangu, hadi hapa tumesema yanayosemwa na kila kipaza sauti. Sasa tuseme la kwetu.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliweka malengo matatu ya kufikiwa ifikapo 2030: asilimia 90 ya wasichana wachanjwe, asilimia 70 ya wanawake wapimwe, na asilimia 90 ya wanaokutwa na tatizo watibiwe. Watu hupenda kuzungumzia namba ya pili, kwa sababu kupima kunapigwa picha. Sisi wahasibu tunaitazama ya tatu. Chukueni wanawake 100 wenye tatizo. Ukiwapima 70 kati yao na ukawatibu asilimia 90 ya hao, umewaokoa 63. Ukiwapima hao hao 70 lakini nusu wasirudi kwa matibabu, umewaokoa 35. Gharama ya kupima ni ile ile, kambi ni ile ile, picha ni zile zile. Tofauti ni watu 28, na wote 28 wamepotea njiani kati ya kipimo na tiba. Mwanamke aliyeambiwa ana tatizo kisha hakutibiwa, kwa hesabu ya mwisho ni sawa na ambaye hakupimwa, ila huyu ameongezewa hofu.

Na kwetu njia hiyo ni bahari. Mama wa Jibondo, Juani, Chole au Bwejuu akitaka kufika Kilindoni hupanda chombo kwanza, kisha atafute usafiri wa nchi kavu, kisha arudi kabla maji hayajamkatalia. Ameacha watoto, ameacha mwani, ameacha shamba. Safari ya kwanza ataijikongoja, maana ameitiwa kambi na majirani wanakwenda. Akiambiwa arudi siku nyingine kwa matibabu, hiyo ni safari ya pili, na hiyo anakwenda peke yake, kwa nauli yake, huku kusi linavuma. Wengi huahirisha. Mwenye tatizo kubwa zaidi ana safari ndefu kuliko hiyo: Kilindoni hadi Nyamisati, Nyamisati hadi Dar es Salaam, kisha Muhimbili au Taasisi ya Saratani Ocean Road. Matibabu ya mionzi hutolewa siku hadi siku kwa wiki kadhaa. Mtu atalala wapi wiki zote hizo? Atakula nini? Nani atamsindikiza?

Hilo ndilo pengo. Chanjo ni ya Serikali, wauguzi ni wa Serikali, siki ni ya bei ndogo. Asiyekuwa na mlipaji ni safari ya pili. Kwa hiyo tunapendekeza fedha za mwaka huu ziende kwenye mambo matatu.

Kwanza, kuifuta safari ya pili pale inapofutika. Mabadiliko ya awali yanaweza kutibiwa siku ile ile ya kupimwa, kwa dakika chache, bila kulazwa. Zamani ilitegemewa mitungi mizito ya gesi ya kugandisha, na mtungi wa gesi ndani ya mashua ni taabu. Sasa vipo vifaa vidogo vya kuchoma kwa joto, vingine vya betri, vinavyoingia kwenye mkoba. Kifaa cha namna hiyo kinaweza kwenda Jibondo na kurudi pamoja na muuguzi. Sisi tulipie chombo, mafuta na posho ya siku, wakati wa kaskazi bahari ikiwa tulivu. Kabla ya shilingi kutoka, tutakaa na ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya tukubaliane kifaa kipi, muuguzi yupi na ratiba ipi, ili tusinunue kitu kikaja kufunikwa na vumbi.

Pili, kuilipia safari ya pili pale isipofutika. Yaani nauli ya mgonjwa na ya mtu mmoja wa kumsindikiza, kwenda na kurudi, Kilindoni au Dar es Salaam. Kwa walioandikiwa mionzi, tunaomba wenye nyumba hapa mjini wajiandikishe. Chumba kimoja Temeke, Mbagala au Kigamboni kwa wiki chache ni mchango kama fedha, nasi tutauandika kwenye vitabu kama mchango.

Tatu, wafuatiliaji. Kila kijiji kichague mama mmoja au wawili wanaoaminika. Kwetu wapo tayari: ni masomo na makungwi, ambao tangu zamani ndio waliowafunza wari mambo ya mwili bila aibu na bila kutangaza siri. Mama akiambiwa arudi, somo wake ajue tarehe, amkumbushe, na ikibidi aongee na mume. Wanaume wenzetu nanyi tunawaomba: mkeo akikuaga anakwenda kupimwa, mpe ruhusa na nauli. Akisema anataka apimwe na mwanamke mwenzake, hilo ni ombi la haki, na tutaliwasilisha kwa wahusika.

Kuhusu hesabu, tunaahidi yafuatayo. Fedha hizi zitakuwa na akaunti ndogo ya peke yake, sahihi tatu, na mmoja wa watia sahihi awe mwanamke anayeishi Mafia. Kila robo mwaka mapato na matumizi yatabandikwa ubao wa matangazo Kilindoni na kutumwa kwenye simu za wajumbe. Jina la mgonjwa halitaonekana popote katika vitabu vyetu. Kutakuwa na namba ya stakabadhi, tarehe, kiasi, na safari ilikotoka na ilikokwenda. Kisiwa chetu ni kidogo, na siri ikitoka haitarudi. Mkaguzi atakagua safari, hatakagua mwili wa mtu.

Na mwakani tukisimama hapa, msituulize tu tulikusanya kiasi gani. Tuulizeni maswali mawili: wangapi walikutwa na tatizo, na wangapi kati yao walitibiwa. Namba hizo mbili zikilingana, fedha zenu zimefanya kazi. Zikipishana, tutawaeleza zimepishana wapi na kwa nini.

Fomu za ahadi ziko katikati ya kijitabu hiki. Anayeweza kulipia mafuta ya safari moja ya mashua aandike. Anayeweza nauli ya mtu mmoja kutoka Kilindoni hadi Dar es Salaam aandike. Vikundi vya kina mama mnaoweka na kukopa, tunajua nguvu yenu. Asiye na fedha leo aandike mwezi ambao atakuwa nazo. Haba na haba hujaza kibaba.

 Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na awape wasafiri wetu bahari shwari.

Wabillahi tawfiq.