Mizani ya Maji: Kazi ya Mtaalamu Kijana katika Mto Kagera



Mwanachama anayefikisha kahawa yake ya maganda stoo huutazama mshale wa mizani bila kupepesa macho. Naye katibu mwangalifu, kabla msimu haujafunguliwa, huhakikisha kuwa mizani hiyo imehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Mizani isiyohakikiwa nayo hutoa namba, tena kwa haraka ile ile. Jambo hilo lafaa kukumbukwa inapozungumzwa kazi ya vijana waliosomea sayansi ya bahari, ambao siku hizi hupima hali ya maji kwa picha za setilaiti.

Huenda mtu akauliza mtaalamu wa bahari ana shughuli gani Karagwe na Kyerwa. Ni kweli kwamba Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1978, iko Zanzibar. Lakini elimu ya kusoma rangi ya maji ni moja, baharini na ziwani. Na Mto Kagera, unaoitenga Kyerwa na Rwanda kisha ukapita chini ya daraja la Kyaka, huishia Ziwa Viktoria. Hakuna mto mwingine uliingizialo ziwa hilo maji mengi kuliko huo. Udongo unaooshwa mlimani huku huonekana kule.

Setilaiti haichoti maji. Hupokea mwanga wa jua uliorudishwa na maji, basi. Maji safi yenye kina huelekea ubuluu. Yenye mwani mwingi, ukijani. Na yaliyobeba udongo hurudisha zaidi mwanga mwekundu. Kutokana na tofauti hizo kijana hukadiria kwa hesabu kiasi cha mwani au cha tope. Hapo ndipo wengi wanaoanza kazi hunaswa, kwa kuwa kanuni zilizotungwa kwa bahari kuu, ambako rangi hutokana hasa na mwani, huweza kuuhesabu udongo wa mto kuwa ni mwani. Kompyuta hailalamiki. Hutoa ramani nzuri yenye rangi za kupendeza, nayo ni ya uongo.

Jiwe la kuhakikia mizani hii ni chupa ya maji. Mtaalamu hupanda mtumbwi siku ile ile setilaiti inapopita, na ikiwezekana saa ile ile. Huteremsha kwa kamba kisahani ambacho padre wa Kiitaliano, Angelo Secchi, alianza kukitumia mwaka 1865, mpaka kipotee machoni. Huandika kina, huchota maji na kuyapeleka maabara. Kisha hulinganisha. Wako vijana wanaopenda kompyuta kuliko mtumbwi, wala si ajabu: mtoni kuna jua, mbu na viboko.

Habari ya gugumaji yaonyesha faida na upungufu wa picha hizo. Gugu hilo, ambalo asili yake ni Amerika ya Kusini, lilishuka na Mto Kagera, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 lilikwisha kuonekana Ziwa Viktoria. Wavuvi walilijua mapema, kwa kuwa liliwafungia mialo. Ukubwa wake katika ziwa zima, hata hivyo, ulidhihirishwa na setilaiti: mwaka 1998 lilifunika zaidi ya hekta 17,000. Baadaye likapungua sana. Kwa nini? Uganda ilikuwa imeachia wadudu jamii ya fukusi mwaka 1995, Kenya na Tanzania mwaka 1997. Lakini mvua za El Niño za 1997 na 1998 nazo zilivuruga ziwa, na wataalamu wakabishana. Picha ilijua kwamba gugu limeondoka, haikujua nani kaliondoa. Aliyeinua jani na kuhesabu makovu ya meno ya fukusi ndiye aliyekuwa na la kusema.

Tena yapo yasiyoonekana kabisa kutoka angani. Setilaiti za Sentinel-2, ambayo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, huigawa nchi katika miraba ya mita 10. Kijito kipitacho nyuma ya kibanja humezwa na mafunjo ya kandokando. Wakati wa masika, tope linapozidi, mawingu hufunika. Na vijidudu vya kinyesi havina rangi ya kusomwa, hivyo asiwepo wa kudanganya kwamba ramani imesafisha chemchemi ya kijiji. Maji ya kunywa yapelekwe kupimwa, na kabla ya kunywewa yachemshwe.

Basi mtaalamu kijana akifika chamani kuomba mtumbwi na mzee aijuaye kingo ya mto, asaidiwe. Lakini katibu aandike daftarini siku, saa, mahali maji yalipochotwa, na kama usiku uliotangulia mvua ilinyesha. Maana bila hayo hata chupa hupoteza maana. Vilevile amwulize waziwazi majibu yatarudi lini. Si mara moja maji yamechotwa vijijini, majibu yakabaki mjini. Mwanachama hupewa stakabadhi kwa kila mzigo anaopima, na wanaochotewa maji yao wanastahili hivyo hivyo: karatasi moja, kwa Kiswahili, ibandikwe ubaoni pale stoo kabla ya masika yanayofuata.