Bei ya ndugu, bei ya mgeni

Wandugu wa Boyoma, siye wenye diploma bila kazi tunasoma kodi za kimataifa. Msingi wake: kampuni ikiuzia kampuni ndugu yake ya ng'ambo, bei iwe ile ya mgeni. Wakiishusha, faida inakimbilia kule kodi iko ndogo, huku tunabakia na mashimo.

Na serikali je? Mwaka 2013 jopo la Kofi Annan lilihesabu: mikataba mitano tu, 2010 hadi 2012, migodi ikauzwa bei ya kutupa kwa makampuni ya kificho ng'ambo. Kongo ikapoteza dola bilioni 1.36! Mama wa soko, yeye, analipa tiketi hata kama hajauza samaki moja.

Jumamosi tunafungua Sheria ya Madini ya 2018: asilimia 15 ya redevansi ni ya sekta ama uchifu wanakochimba. Mukuje na kalamu.