Gari Imefungwa Klampu? Jua Sheria Kabla Hujabishana



Leo nazungumzia ile kesi ya kila Ijumaa hapa Mombasa: umetoka msikitini, gurudumu lina chuma, kanjo amesimama kando, unaambiwa ulipe. Watu wanaanza kupiga kelele. Kelele haifungui klampu.

Kwanza tuambiane ukweli. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi ya trafiki na maegesho. Ukisema "hawana haki ya kutoza", umeshindwa kabla hujaanza. Na kuingia kuswali hakufuti ada. Kama hukulipa, lipa. Ni deni.

Lakini kiasi unachotozwa lazima kiwe kimeandikwa. Kwa kawaida kiko katika Sheria ya Fedha inayopitishwa na Bunge la Kaunti. Hakitoki kichwani mwa askari. Kwa hivyo tenganisha vitu vitatu: ada ya kupaki, gharama ya kufunguliwa ama kuvutwa hadi yadi, na faini ya mahakama. Askari wa barabarani si hakimu. Akikushtaki, Kifungu cha 50 kinasema huna hatia mpaka ithibitishwe.

Na kama ulilipa, halafu bado umefungwa? Hapo kuna Kifungu cha 47: uamuzi wa ofisi ya serikali uwe wa haki, na ukikuumiza una haki ya kupewa sababu kwa maandishi.

Sasa fanya hivi. Piga picha ya gari, alama za barabarani na saa. Usifute ujumbe wa malipo. Uliza kwa adabu: ni sheria gani, kifungu gani, kiasi gani? Kama wewe ni wa tuktuk na unaitaka leo ukatafute riziki, lipa kwa njia rasmi, chukua risiti, na siku hiyo hiyo andika barua kwa kaunti kwamba umelipa ili itoke lakini unapinga. Nakala yako igongwe muhuri.

Wasipojibu, peleka malalamishi kwa Ombudsman, hulipi kitu. Usikimbilie kortini. Sheria ya mwaka 2015 inayofuata Kifungu cha 47 inataka umalize kwanza njia za ndani za malalamishi, la sivyo jaji anaweza kukurudisha ulikotoka.

Mwisho, ile "leta kitu tumalizane". Dini imeikataza rushwa kwa anayetoa na anayepokea. Sheria ya Hongo ya 2016 pia inawashika wote wawili. Manake ukitoa mia tano pale, ulikuwa na malalamishi, sasa una kosa. Na kesho anamngoja mwenzako mahali pale pale.

Vijana, haki yetu tuidai kwa karatasi mkononi na ulimi safi. Ukiwa na risiti na barua yenye muhuri, ni wao watakaotafuta jibu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullah.