Maziwa na Nchi Yetu: Hotuba kwa Wanachama katika Sikukuu ya Miaka Kumi



Tumepewa heshima ya kusema machache juu ya maziwa katika sikukuu hii ya miaka kumi ya Chama chetu Kikuu. Twalichagua neno hili kwa sababu kila mwaka, jua la Septemba likisha kukaza, ugomvi huzuka kwenye vituo vya kupokelea. Kipimo chaonyesha maziwa mepesi, karani ayakataa, na mwanachama arudi kwake akiitwa mtia maji. Pengine kweli ametia maji. Lakini pengine aliyeyapunguza ni nchi yenyewe.

Kwanza ni joto. Ng'ombe wa kigeni, kama Friesian, huanza kutaabika joto likipita digrii 25 hivi. Hupumua upesi, hula kidogo, na maziwa yake hupungua wingi, mafuta na protini. Ng'ombe wetu mwenye nundu huvumilia zaidi, ingawa hutoa lita chache tu. Basi atakaye kununua chotara na ajenge kwanza kivuli.

Pili ni maji. Katika kila sehemu 100 za maziwa, 87 hivi ni maji. Ng'ombe apelekwaye mbali lamboni mara moja kwa siku hutumia njiani nguvu ambayo ingefanya maziwa.

Tatu ni malisho. Majani ya kiangazi ni makavu, hayana protini ya kutosha. Ng'ombe akiyala peke yake, maziwa hupungua na uzito wake hushuka. Mashudu ya pamba humsaidia, lakini yasichukue nafasi ya majani, maana mafuta ya maziwa hutokana khasa na majani yanavyochachuka tumboni mwake.

Juu ya malisho wazee wetu walitutangulia kwa ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yaliwe kiangazi. Miti ilipokatwa na mifugo ilipozidi, hifadhi hizo zilipotea. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere aliiita Shinyanga Jangwa la Tanzania. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizosalia zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Ulipomalizika mwaka 2004, zilikuwa zimerudi zaidi ya hekta 300,000. Walioyarudisha hayo ni wakulima, kila mtu kwa ngitili yake na kila kijiji kwa sheria zake. Anayeingiza ng'ombe humo mwezi wa Februari ala akiba ya Septemba.

Ndugu zetu wa Geita, ninyi mvua zenu ni nyingi zaidi, lakini mna hatari nyingine. Wachimbaji wadogo huchenjua dhahabu kwa zebaki, na penginepo kwa sianidi. Sianidi huua ng'ombe upesi. Madini mazito, kama zebaki na risasi, humwingia kidogo kidogo, na sehemu yake yaweza kufika katika maziwa. Hayaonekani wala hayanuki, na kuchemsha hakuyaondoi. Twawasihi, msinyweshe mifugo kwenye mialo ya dhahabu, wala msiilishe kando ya marudio. Mtoto anywaye maziwa hayo hana wa kumuuliza.

Sasa twarudi kwenye kituo chetu. Twaiomba Halmashauri mambo mawili. La kwanza, maziwa yapimwe yakiwa katika joto lililoandikwa juu ya kipimo, maana maziwa ya moto huonekana mepesi kuliko yalivyo. La pili, mwanachama akishukiwa, ng'ombe wake akamwe kituoni au nyumbani mbele ya mashahidi, mpaka tone la mwisho, kwa kuwa maziwa ya mwisho ndiyo yenye mafuta mengi. Yakilingana na yaliyokataliwa, aondolewe aibu na afundishwe kulisha. Yasipolingana, sheria ya Chama ifuatwe bila upendeleo.

Chama husimama juu ya uaminifu wa mkulima na haki ya karani. Miaka kumi tumekusanya maziwa. Miaka kumi ijayo na tuwatunze ng'ombe, na nchi iwalishayo.