Mstaafu Kazini na Ujira Wake



Ndugu wapendwa, viongozi wa jumuiya na wajumbe wa halmashauri, nimeombwa niseme juu ya watumishi wa serikali waliostaafu, wanaorudi kazini huku wakipokea pensheni. Wapo wanaonong'ona kwamba hiyo ni tamaa, na kwamba mzee amekwisha kuvuna shamba lake, sasa ameingia la vijana.

Tuanze na pensheni yenyewe. Nchini Tanzania mtumishi wa umma aweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na miaka 60. Muda wote wa utumishi wake hukatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri huchangia asilimia 15. Tangu 2018 michango hiyo hupokelewa na PSSSF, uliounganisha mifuko ya PSPF, PPF, LAPF na GEPF. Basi pensheni si sadaka ya serikali. Ni ujira wa jana uliowekwa akiba.

Dhuluma ninayoiona iko kwingine, nayo i karibu nasi. Mwalimu mstaafu huitwa katika shule yetu, akapewa vipindi sawa na wenzake, kisha ikifika siku ya mshahara huambiwa, "Mwalimu, wewe una pensheni, pokea hii ya sabuni." Hana mkataba, hana likizo. Na kijana aliyetoka chuoni, ambaye angedai mshahara kamili, hukuta mlango umefungwa. Aliyeufunga si mzee. Ni ule ujira nusu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya umri. Inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi yake kwa maandishi, pamoja na likizo ya siku 28. Akiba ya mtu haimpi mwajiri ruhusa ya kumpunja.

Najua parokia nyingi hazina fedha. Mstaafu apendaye kujitolea na ajitolee, tena tumshukuru. Lakini aseme mwenyewe, nasi tuandike hivyo. (Kujitolea kwa kuagizwa sijapata kukuelewa.)

Wajumbe wa tume watapita katika shule na zahanati zetu kuomba kuiona mikataba ya wastaafu. Pasipo na mkataba, uandikwe, mstaafu mwenyewe akiwa ameketi mezani.